Mashine pepe imekwama: kutafuta hitilafu kwa kuanzia kwenye hifadhi

Simu nyingi ninazopigiwa na ofisi ndogo na za kati za Nairobi huanza kwa maneno yaleyale: mashine imekwama. Anayepiga huiona mashine moja tu, ile ya hesabu au ile ya kuwekea faili za ofisi, na huamini kwamba ugonjwa umo ndani yake. Kwa mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya seva, imani hiyo hupotosha. Mashine hiyo ni faili au kipande cha diski kilichowekwa kwenye hifadhi inayotumiwa na mashine nyingine nyingi, na katika kazi yangu nimeona hitilafu za hifadhi zikijitokeza kwa sura ya programu mbovu, mtandao mbovu, hata mtumiaji anayedhaniwa kuwa amesahau nenosiri lake. Kwa sababu hiyo dalili karibu zote zilizoelezwa hapa zinachunguzwa kwa kuanzia hifadhini, kisha ndipo tunapanda juu.

Amri nyingi nilizozitaja ni za Proxmox VE, programu inayoendesha mashine pepe kwenye seva, kwa kuwa ofisi kadhaa ninazozihudumia zilihamia huko baada ya kampuni ya Broadcom kukamilisha ununuzi wa VMware, yenye programu ya kazi hiyohiyo, mnamo Novemba 2023 na kuacha kuuza leseni za kudumu. Pale ambapo VMware ina tabia yake tofauti, nitasema.

Kabla ya kugusa chochote, piga picha ya skrini kwa simu yako ili ujumbe wote na saa vionekane, usizime mashine kwa nguvu, na usifute faili yoyote ambayo hukuitengeneza wewe mwenyewe. Makosa niliyoshindwa kabisa kuyarekebisha yalifanywa katika dakika kumi za kwanza, na mtu mwenye nia njema.

Mashine imeganda ghafla ilhali seva yenyewe iko hai

Ofisi moja ya mawakala wa forodha karibu na Mombasa Road ilinipigia asubuhi ya tarehe 20, siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti ya VAT ya mwezi uliotangulia. “Fundi, mashine ya hesabu haisongi, na mkubwa anasema tuizime tuiwashe tena.” Nikamjibu, “Dada, usiizime kwanza. Fungua ukurasa wake kwenye Proxmox unisomee kilichoandikwa kwenye mstari wa hali.” Alisoma herufi moja moja: io-error. Mashine haikuwa imeharibika. Seva ilikuwa imeisimamisha kwa sababu ilitaka kuandika na hapakuwa na pa kuandikia. Amri ya `lvs`, inayoorodhesha diski na nafasi iliyotumika, ilionyesha safu ya Data% ikiwa 100.00, na kwenye orodha ya snapshoti palikuwa na moja yenye umri wa miezi kumi na minne iliyopewa jina “usifute-kwanza”. Aliyeiweka alikuwa ameshaacha kazi.

Hicho ndicho kisababishi cha kawaida kuliko vyote: hifadhi imejaa kwa sababu ya snapshoti zilizosahauliwa. Snapshoti huweka alama ya jinsi diski ilivyokuwa saa fulani ili uweze kuirudia, na tangu hapo kila kinachobadilika huchukua nafasi mpya huku cha zamani kikiendelea kushikilia nafasi yake. Kadiri inavyokaa, ndivyo inavyonenepa. Watengenezaji wa VMware hushauri isiachwe kwa zaidi ya saa 72, na mimi naona ushauri huo unafaa kwa mfumo wowote. Ukiikuta, iondoe kwa kutumia mfumo wenyewe, kwa kitufe chake au kwa `qm delsnapshot`, kisha mashine iliyosimama iendelezwe kwa `qm resume`.

Onyo hapa ni kubwa kwa wanaotumia VMware. Faili yenye jina linaloishia na -000001.vmdk huonekana kama masalio yasiyo na kazi, na watu huifuta ili wapate nafasi. Ndani ya faili hiyo mna kila kitu kilichoandikwa tangu siku snapshoti ilipowekwa, kwa hiyo ukiifuta, mashine hurudi miezi nyuma au haiwaki kabisa. Aidha, kuunganisha snapshoti na diski mama kunaweza kuhitaji nafasi ya ziada wakati kazi inaendelea, hivyo ikiwa hifadhi imejaa kabisa, hamisha kwanza mashine moja ndogo iliyozimwa au faili za usakinishaji, upate pa kupumulia, ndipo uanze kuunganisha.

Kisababishi cha pili ni ahadi zilizopita uwezo. Diski nyembamba ni ile ambayo mashine imeahidiwa, tuseme, GB 200, lakini huchota kutoka kwenye hodhi la pamoja kile tu inachokiandika. Ukiwa na hodhi la GB 900 na ukaahidi mashine zako jumla ya GB 2,000, mambo huenda vizuri hadi siku ambayo wote wanachota pamoja. Jumlisha saizi za diski zote kwenye `lvs` na uzilinganishe na hodhi. Ikiwa ahadi zimezidi, basi lazima kuwe na tahadhari inayotumwa hodhi linapofika asilimia 80. Wengi hudhani LVM, mfumo wa Linux unaogawa nafasi ya diski, italipanua hodhi yenyewe. Kwa mpangilio wake wa awali kizingiti cha kupanua kimewekwa kwenye 100, na thamani hiyo maana yake ni kwamba upanuzi wa kujiendesha umezimwa.

Kisababishi cha tatu hunishangaza kila ninapokutana nacho, nacho ni nakala rudufu zinazowekwa kwenye diski zilezile zinazobeba mashine. Hujaza hifadhi na hazitakusaidia diski zikifa.

Cha nne hakionekani kwa urahisi. Mtumiaji amefuta GB 100 za video ndani ya Windows, mashine yenyewe inasema ina nafasi, lakini hodhi halipati nafuu hata kidogo, kwa sababu mashine haijaiarifu hifadhi kwamba vipande vile havihitajiki tena. Washa chaguo la Discard kwenye diski ya mashine hiyo, izime kabisa na kuiwasha ili badiliko lishike, kisha ndani ya Linux tekeleza `fstrim -av`, au ndani ya Windows `Optimize-Volume -DriveLetter C -ReTrim`. Ikiwa bado kuna snapshoti ya zamani, hodhi halitarudishiwa kitu hata baada ya hapo, maana snapshoti inavishikilia vipande vilevile.

Simama na umwite mtaalamu ikiwa safu ya Meta% kwenye `lvs` imefika 100 au mfumo unasema hodhi linahitaji kukarabatiwa. Sehemu hiyo ndiyo ramani inayosema kipande gani ni cha mashine ipi. Ukarabati wake kwa `lvconvert --repair` hufanywa mashine zote zikiwa zimezimwa na, inapowezekana, baada ya kunakili diski nzima. Si kazi ya kujaribu saa nne asubuhi ofisi ikiwa imejaa watu.

Mashine zote zimekuwa nzito

Uliza kwanza: ni saa ngapi? Ikiwa uzito unaanza saa mbili asubuhi na kwisha saa nne, tazama ratiba ya nakala rudufu. Kazi iliyopangwa kuanza usiku wa manane hurefuka kadiri data inavyoongezeka, na bila mtu kuiona inaingia katika saa za kazi. Hapo huhitaji kununua kitu. Isogeze saa ya kuanza au uiwekee kikomo cha kasi.

Ikiwa uzito ni wa siku nzima, ingia ndani ya mashine moja ya Linux na utazame `top`. Namba ya `st` ikiwa kubwa, prosesa ya seva imegawiwa mashine nyingi kupita kiasi. Namba ya `wa` ikiwa kubwa, prosesa imekaa bure ikiisubiri diski. Katika ofisi nilizozitembelea, hiyo ya pili ndiyo huongoza kwa mbali. Rudi kwenye seva, tekeleza `iostat -x 1`, na usome `r_await` na `w_await`, ambazo ni milisekunde za kusubiri kusoma na kuandika. Diski za SSD zinapaswa kujibu ndani ya milisekunde moja au mbili, na za kuzunguka ndani ya kumi na tano hivi. Ukikuta 80 au 200, umeshapata mahali pa kuchimba.

Mara nyingi mpangilio wenyewe wa diski ndio mzigo. Diski ya kuzunguka mara 7,200 kwa dakika hufanya takriban kazi 75 hadi 100 zilizotawanyika kwa sekunde, na RAID 5, mpangilio wa diski kadhaa unaohimili kufa kwa moja, hulipa kazi nne za diski kwa kila andiko moja dogo: kusoma data ya zamani, kusoma pariti (data ya ziada ya kurejeshea diski iliyokufa), kuandika data mpya, kuandika pariti mpya. Diski nne za namna hiyo zina jumla ya kazi 300, ukigawanya kwa nne unabaki na maandiko 75, yaani diski nne zinaandika kwa kasi ya diski moja. Zilezile zikipangwa kwa RAID 10, ambayo huandika kila kitu kwenye diski mbili na kulipa kazi mbili, zinatoa 150. Mwenye ofisi anaposikia hesabu hii huniuliza kwa nini aliuziwa RAID 5, na jibu la kweli ni kwamba ilimpa terabaiti nyingi zaidi kwa bei ileile. Kwa kuhifadhi faili za kawaida ilitosha. Kwa mashine pepe kumi zinazoandika kwa wakati mmoja haitoshi.

Ikiwa mfumo ulikuwa mwepesi hadi wiki iliyopita na hakuna kilichoongezwa, ichunguze betri ya kadi ya RAID. Betri hiyo hulinda data iliyomo kwenye kashe, yaani kumbukumbu ya muda ya kadi, stima ikipotea. Inapokufa, kadi nyingi huacha kutumia kashe ya kuandika ili zisihatarishe data, na kasi huporomoka siku hiyohiyo bila taa nyekundu kuwaka mbele ya seva. Seva za mtumba zinazoletwa kutoka Uingereza, ambazo zimesaidia ofisi nyingi za hapa, mara nyingi hufika zikiwa na betri zilizochoka. Usiilazimishe kadi kutumia kashe bila betri. Utafurahia kasi hadi stima itakapokatika.

Visababishi vingine nitavipitia kwa haraka. Diski za SMR, ambazo hupanga nyimbo zake zikilaliana kama mabati ya paa, huandika vizuri mwanzoni kisha hukwama zikipewa kazi mfululizo. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski zilizouzwa kwa ajili ya hifadhi za mtandao zilikuwa za aina hiyo bila kutajwa kwenye maelezo yake, kwa hiyo tafuta namba kamili ya modeli kabla ya kununua. SSD za kompyuta za mezani zisizo na kinga ya kupotea kwa umeme huwa nzito sana kwenye ZFS (mfumo wa kuhifadhi faili) na kwenye hifadhidata, kwa sababu kila andiko lazima lithibitishwe kuwa limefika. Mashine ambayo diski yake imewekwa kama IDE, aina ya kizamani, badala ya VirtIO iliyotengenezwa kwa mashine pepe, hujichelewesha yenyewe. Hifadhi iliyo mbali kwa waya wa gigabiti moja haiwezi kupita MB 125 kwa sekunde hata ikijazwa SSD tupu.

Kuna moja linalostahili sentensi zake lenyewe. Ikiwa mtandao wa hifadhi umewekewa pakiti kubwa za baiti 9,000, basi seva, swichi na hifadhi lazima zote zikubaliane. Mmoja akikataa, utaona jambo la ajabu: ping inajibu, orodha ya faili inafunguka, lakini kunakili faili kubwa kunaganda. Jaribu `ping -M do -s 8972` kwenda kwenye anwani ya hifadhi. Namba hiyo ni 9,000 ukitoa baiti 28 za vichwa vya pakiti. Ikishindwa huku ping ya kawaida ikijibu, kagua swichi.

Stima imerudi, hifadhi haionekani

Katika ofisi zenye hifadhi ya mtandao, kisababishi cha kwanza ni mpangilio wa kuwaka. Seva huwa tayari ndani ya dakika tatu, hifadhi inahitaji dakika nane, na seva ikiitafuta hifadhi bila kuiona huanza kazi bila hiyo. Subiri hifadhi ijibu, kisha tazama `pvesm status`. Kwa siku zijazo ongeza muda wa kusubiri kabla ya mashine pepe kuanza kuwaka zenyewe.

Kisababishi cha pili kiko ukutani. Seva imefungwa kwenye UPS, hifadhi imefungwa kwenye UPS, lakini swichi iliyo kati yao imechomekwa kwenye soketi ya kawaida, kwa hiyo umeme ukipepesuka kwa sekunde mbili mashine zote hupoteza diski zake zikiwa zinaendelea kufanya kazi. Fuata waya kwa mkono wako kutoka kwenye swichi hadi mwisho. Katika ofisi moja nilifuata waya nikakuta swichi imechomolewa na kwenye nafasi yake pamewekwa birika la chai, ambalo pia lilieleza ni kwa nini UPS ilikuwa ikilia kila saa nne asubuhi.

Cha tatu ni anwani iliyobadilika, kwa sababu hifadhi ilikuwa ikipewa anwani na ruta badala ya kuwekewa ya kudumu. Jaribu kufikia bandari yenyewe, yaani namba ya mlango wa huduma kwenye mtandao, kwa `nc -zv` ikifuatwa na anwani, bandari 2049 kwa NFS au 3260 kwa iSCSI, ambazo ni njia mbili za kufikia hifadhi kupitia mtandao. Bandari ikijibu na bado kuna ujumbe “Stale file handle”, hifadhi imerudi lakini seva inashikilia kumbukumbu ya zamani. Iondoe hifadhi hiyo kwenye seva na kuipachika upya. Ukiona `df`, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, yenyewe inaganda, usiendelee kufungua madirisha mapya ya amri ukitarajia moja litajibu: michakato inayoisubiri NFS haiuliki kwa urahisi, na unaongeza foleni.

Baada ya hifadhi kurudi, angalia pia diski ya mfumo wa seva. Folda ya nakala rudufu isipopachikwa, kazi ya usiku huweza kuandika ndani ya folda tupu iliyoko kwenye diski ya seva na kuijaza, na asubuhi unakuta seva haikubali hata kuingia. Kwenye Proxmox, hifadhi ya aina ya folda iwekewe `is_mountpoint yes` ili mfumo ukatae kuandika pale ambapo diski haijapachikwa.

Ikiwa hifadhi imerudi na mashine zimewaka lakini watumiaji wa Windows wanakataliwa nenosiri, tazama saa. Betri ndogo ya ubao mama ikifa, seva huamka na tarehe ya zamani, mashine pepe huirithi, na mfumo wa Kerberos, unaothibitisha watumiaji wa Windows, kwa mpangilio wa kawaida hukataa tofauti inayozidi dakika 5. Elekeza seva zote kwenye ke.pool.ntp.org na ubadilishe betri hiyo.

Usijifanye fundi wa umeme. UPS ikiwa ya moto, ikinuka kuungua, au ukipigwa na shoti ukigusa kabati la seva, ondoka na umwite fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli.

Mashine iliyohamishwa kutoka VMware haiwaki

Tangu toleo la 8.2 la Aprili 2024, Proxmox VE ina zana ya kuingiza mashine moja kwa moja kutoka ESXi, programu ya seva ya VMware, na kunakili kwenyewe hakuna shida kubwa. Shida huanza mashine inapowaka. Windows ikitoa skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, karibu kila mara haina draiva ya VirtIO. Badilisha diski ya kuwashia iwe SATA, ongeza diski ya pili ndogo ya GB 1 ya VirtIO, iwashe, sakinisha draiva kutoka kwenye CD ya virtio-win, uthibitishe kwamba diski ndogo inaonekana, zima, ondoa ile ndogo na urudishe ya kuwashia kuwa VirtIO. Ukiruka hatua ya diski ndogo, Windows huweza kuwa na draiva hiyo lakini isiipakie wakati wa kuwaka.

Skrini ikibaki nyeusi au ikisema haijapata diski ya kuwashia, linganisha aina ya kuwaka: mashine iliyozoea UEFI, njia mpya ya kuwaka, iwekewe OVMF, na ya zamani, yaani ya BIOS, iwekewe SeaBIOS. Linux ikiangukia kwenye alama ya initramfs au dracut (mazingira ya dharura ya kuwaka), ama keneli, kiini cha Linux, haina moduli za virtio, ama `/etc/fstab` inataja /dev/sda mahali ambapo sasa ni /dev/vda; tumia UUID, kitambulisho cha diski kisichobadilika. Na ikiwaka vizuri lakini haina mtandao, kadi iliyoitwa ens192 huenda sasa inaitwa ens18, jambo linalorekebishwa kwa dakika moja ukilijua na kupoteza alasiri nzima usipolijua.

Ondoa VMware Tools kabla ya kuhama, maana baada ya kuhama hukataa kuondoka. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows, uwe na ufunguo wa kurejesha mkononi kabla ya kuanza. Asiyekuwa nao asihame siku hiyo, na mashine ya zamani isifutwe hadi ile mpya imalize angalau mwisho mmoja wa mwezi.

Mfumo unakataa kuwasha mashine: kufuli au akidi

Ujumbe unaosema mashine imefungwa, kwa mfano “VM is locked (backup)”, hutokana na kazi iliyokatizwa njiani. Hakikisha kwanza kwamba hakuna nakala rudufu inayoendelea kweli, kisha tumia `qm unlock` na namba ya mashine. Kukata kufuli huku kazi ikiendelea ni kujitafutia diski iliyoharibika.

Ujumbe wa “no quorum” ni mwingine kabisa. Seva zilizoungana katika klasta hufanya maamuzi kama mkutano: bila akidi hakuna kikao. Klasta ya seva mbili inahitaji kura mbili, kwa hiyo moja ikizimika, ile iliyobaki inaendelea na mashine zinazofanya kazi lakini haikubali kuwasha mpya wala kubadilisha mipangilio. Tazama `pvecm status`. Ikiwa una uhakika, kwa kuiona kwa macho yako, kwamba seva ya pili imezimwa, `pvecm expected 1` huifungua kwa muda. Kama iko hai na ni waya tu uliokatika, usitumie amri hiyo: mashine moja ikiwashwa pande zote mbili juu ya diski moja ya pamoja, data huharibika ndani ya sekunde, na hakuna anayeweza kutenganisha maandiko ya upande huu na ya upande ule. Dawa ya kudumu ni kura ya tatu, ambayo inaweza kutolewa na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi kwa njia ya QDevice. Wenye majengo mawili, mathalani Westlands na Industrial Area, wakumbuke kwamba klasta ya namna hii inataka mtandao unaojibu chini ya milisekunde 5 kila wakati, si mara nyingi tu.

Mashine inazimika yenyewe

Tafuta kwanza kwenye seva, si kwenye mashine: `journalctl -k | grep -i oom`. RAM ikiisha, keneli huua mchakato mkubwa, na mchakato mkubwa ni mashine yako pepe. Kashe ya ZFS isipowekewa kikomo kwenye Linux huweza kufika nusu ya RAM au zaidi, jambo ambalo aliyegawa RAM yote kwa mashine hakulihesabu. Iwekee kikomo.

Ikiwa seva nzima ndiyo inayozimika, pima joto. Watu hudhani baridi ya Nairobi inatosha. Jiji liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, hewa ni nyepesi na hubeba joto kidogo, na viwango vya ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa joto na baridi, kwa seva za kawaida za daraja la A2 hupunguza kikomo cha nyuzi 35 kwa nyuzi moja kwa kila mita 300 juu ya mita 900 hivi. Kwetu kikomo hicho kinakuwa karibu nyuzi 32, na chumba kidogo kisicho na dirisha hufika hapo hata mwezi wa Julai.

Diski inakufa au RAID imepungukiwa

Soma `smartctl -a` kwa kila diski. Namba za sifa 5, 197 na 198, zinazohesabu vipande vibovu au vinavyoshukiwa, zikianza kupanda wiki kwa wiki, agiza diski nyingine leo. Kabla ya kuvuta diski yoyote, linganisha namba ya mfuatano iliyoonyeshwa na mfumo na ile iliyobandikwa kwenye diski, kwa sababu kuvuta iliyo nzima kutoka kwenye RAID 5 iliyokwisha kupoteza moja ndiyo njia ya haraka ya kupoteza zote. Nakala rudufu mpya ifanywe kabla ya kuanza kujenga upya, kwa kuwa ujenzi huo huzisoma diski zilizobaki kutoka mwanzo hadi mwisho, na ile iliyokuwa ikificha udhaifu wake huanguka wakati huo.

Simama ikiwa diski mbili za RAID 5 zimeanguka, ikiwa diski inagonga, au ikiwa kadi inatangaza “foreign configuration” na kukupa chaguo la kufuta au kuanzisha upya. Usichague lolote, usitekeleze fsck, amri ya kukarabati mfumo wa faili, kwenye diski inayokufa, usijaribu kuwasha mara ya kumi. Zima seva. Ziandike diski kwa kalamu kulingana na nafasi zake, 0, 1, 2, 3, kabla ya mtu kuzichomoa. Mtaalamu wa kurejesha data atataka kujua modeli ya kadi, aina ya RAID, ipi ilianguka kwanza na saa ngapi, na kila ulichojaribu, hata kile unachoona haya kukitaja.

Ikiwa diski hizo zina taarifa za wateja au wafanyakazi, sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inakuhusu hata unapozikabidhi kwa fundi: weka makubaliano ya maandishi kabla diski hazijatoka ofisini, na ikiwa taarifa hizo zimeangukia mikononi mwa asiyeruhusiwa na wenyewe wako hatarini, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu ulipojua. Diski iliyobadilishwa nayo isiuzwe wala isitupwe kabla ya kufutwa kabisa; ikiwa imekufa na haifutiki, toboa sahani zake kwa keekee.